Dada yangu, ming'oko na neno "pack": hotuba ya kufunga darasa la Kiingereza cha safari, Mikindani

Haya ndiyo niliyosema Jumamosi jioni pale Mikindani, pwani ya Mtwara, tulipofunga darasa la Kiingereza cha safari. Waliokosa kufika wameniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, utani wake humo humo.

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambao sijawagusa, habari za jioni.

Mwenyekiti wetu wa mtaa, wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, vijana wa darasa. Nimepewa dakika ishirini. Kumpa mwalimu mstaafu dakika ishirini ni kumwambia mbuzi ale majani matatu, lakini nitajitahidi.

Nianze na dada yangu.

Dada yangu anaishi Newala. Miaka kadhaa iliyopita binti yake aliyeolewa Uingereza alijifungua, akamwomba mama yake aende kumsaidia kulea. Dada akajiandaa miezi mitatu mizima. Alinunua daftari kubwa, akalipiga mstari katikati, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Maneno mia mbili na arobaini. Ukimwamsha usiku wa manane ukamwuliza mto wa kulalia, anakwambia "pillow". Naomba maji ya kunywa? "May I have some water, please." Nilimsahihishia mwenyewe kwa kalamu nyekundu, na nilimpa mia kwa mia.

Tukafika uwanja wa ndege. Sitautaja. Mimi nimebaki nyuma ya kamba, yeye kasogea kaunta na begi lake. Kijana wa kaunta akamtazama, akamwuliza: "Did you pack this bag yourself?"

Dada akageuka kunitafuta. Niko mbali. Akafikiri. "Pack"... kupaki. Nani kapaki? Akajibu kwa sauti ya mtu aliyepata mia kwa mia: "No. Driver."

Mnacheka. Yule kijana hakucheka hata kidogo. Kwake yeye, abiria huyu amekiri kwamba vitu vilivyomo begini vimepangwa na mtu mwingine, tena dereva. Begi likafunguliwa pale pale. Zikatoka korosho kilo tatu. Zikatoka kanga doti sita. Ukatoka unga wa muhogo kwenye mfuko wa nailoni, na unga mweupe mbele ya askari wa uwanja wa ndege, wazee wangu, si kitu cha kuchezea. Mwisho ikatoka ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoila huku kwetu kusini, imeviringishwa kwenye gazeti, udongo wake bado umo. Ofisa akaushika mmoja, akaugeuza, akaunusa. "What is this?"

Dada yangu mwenye maneno mia mbili na arobaini hakuwa na neno la ming'oko. Nani hapa analo? Inyosheni mikono. Haya, hata mkono wa mwalimu wenu siuoni.

Sasa niwaulize. Kosa lilikuwa la nani? Lilikuwa langu mimi, mwenye kalamu nyekundu. Nilimfundisha maneno ya kusema. Sikumfundisha maneno atakayoambiwa.

Hebu hesabuni wenyewe. Kutoka hapa mpaka Ulaya, ni mara ngapi wewe msafiri utaanza mazungumzo? Utaomba maji. Utauliza choo kiko wapi. Basi. Lakini utaulizwa mara ngapi? Kila mlango una mtu wake, na kila mtu ana swali lake. Msafiri ni mtu wa kuulizwa. Kwa hiyo daftari ligeuzeni! Kushoto andika swali la mwenye mlango, kulia andika jibu lako.

Na uzuri wa hawa wenye milango ni kwamba hawana maswali mengi. Ni yale yale kila siku, kama kondakta wa daladala. Kaunta ya kwanza utasikia hilo la "pack", yaani kupanga vitu begini, halina uhusiano wowote na kuegesha gari. Kisha "aisle or window?" Hapo "aisle" imewaliza wengi, maana herufi s haisomwi; utasikia kitu kama "ail". Ni ile njia ya katikati, na anayekuuliza anataka kujua ukae karibu nayo au karibu na dirisha. Ukienda mara nyingi msalani, chagua "aisle", usione haya.

Kwenye ukaguzi utaulizwa "any liquids?" Hapa mama zangu nisikilizeni. "Liquid" ni kimiminika, na kwao hao asali ni kimiminika, mafuta ya nazi ni kimiminika, achari yenye mafuta nayo imo. Tangu mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, viwanja vingi duniani vilianza kuzuia chombo kinachozidi mililita 100 kwenye mzigo wa mkononi. Asali yako ya Liwale ikiwa kwenye chupa ya lita moja, iweke kwenye begi kubwa linaloshuka chini. La sivyo utaiacha pale, na utaiacha huku unaiangalia.

Uhamiaji: "What is the purpose of your visit?" Umekuja kufanya nini. Kama ni likizo, jibu lako ni neno moja, "holiday". Na neno hilo si geni kama mnavyodhani, lilikuwa "holy day", siku takatifu. Ni sikukuu. Waingereza walianza kupumzika kwa ajili ya dini, wakaendelea kupumzika kwa ajili ya ufuo. Mmarekani atakwambia "vacation". Ni kitu kile kile.

Mlango wa mwisho ni "customs". Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alitafsiri hivi kwenye mtihani: "Nilipofika uwanja wa ndege nilipitia mila na desturi." Nilimkata alama, na mpaka leo roho inanisuta, kwa sababu hakuwa mbali. Forodha iliitwa "customs" kwa kuwa ushuru ule ulikuwa wa desturi, ukitozwa tangu na tangu. Hapo utaulizwa "anything to declare?" Hakutaki utangaze dini wala chama. Anataka kujua una bidhaa gani ya kulipiwa ushuru au iliyozuiwa.

Sasa nasikia manung'uniko kule nyuma. Mwalimu, maneno haya ni mageni. Mageni kwa nani? Wewe uliyezaliwa Mikindani?

Tazameni hapo nje, maji yale. Wazee, rubani ni nani? Leo kijana atasema ni mwendesha ndege. Lakini zamani rubani alikuwa mtu wa kuongoza chombo kipite salama kwenye mlango wa bandari, asikipeleke mwambani. Ndege ilipokuja, Waswahili hatukuhangaika kutafuta neno. Tulimtoa rubani baharini tukampandisha juu. Na Mwingereza? Alifanya vile vile! "Pilot" wake alikuwa mtu wa bandarini, na mpaka leo meli kubwa ikija Mtwara hupandwa na "pilot". "Captain" ni nahodha. "Crew" ni mabaharia. "Cabin" ni chumba cha melini. Jiko la ndege linaitwa "galley", na "galley" ni jiko la meli. Kupanda ndege ni "to board", na "board" ni ubao, ubao wa ubavuni mwa chombo. Halafu lile neno kubwa lenyewe, "airport". "Port" si bandari? Mnaogopa bandari, ninyi?

Rubani akitaja kasi ya ndege anataja "knots". Mafundo. Baharia wa zamani alirusha majini kamba yenye mafundo, akaiachia ikimbie mkononi, akahesabu mafundo yaliyopita kabla mchanga kwenye chupa haujamalizika. Kamba ilikwisha kitambo, hesabu imebaki. Fundo moja ni kilomita 1.852 kwa saa, na ndege yenye kompyuta kila kona bado inahesabu mafundo.

Kwa hiyo kijana wa pwani akiniambia maneno ya ndege ni magumu, huwa namwuliza: babu yako alikuwa anafanya kazi gani?

Na treni je? Najua mnachofikiri. Mwalimu anatufundisha maneno ya treni kwenye mkoa usio na treni. Vijana, treni ilikuwepo hapa. Waingereza walipoleta mradi wa karanga mwaka 1947, walijenga reli ya kwenda Nachingwea na bandari ya kina kirefu pale Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukatupwa, karanga hazikukubali. Reli ikajikokota mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikafungwa, ikang'olewa. Bandari ndiyo iliyobaki kutufaa. Sasa inazungumzwa reli ya kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay, ziwani Nyasa. Wakati tunaingoja, Dar es Salaam pana treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, Juni hadi Morogoro, Julai hadi Dodoma, na mwendo wake unafika kilomita 160 kwa saa. Mtoto wa Lindi akivuka Daraja la Mkapa asubuhi, anaweza kulala Dodoma bila kupanda basi la pili.

Na reli nayo, ndugu zangu, imechota baharini. Zile mbao za kulalia vyuma tunaziita mataruma. Mwulizeni fundi yeyote wa majahazi taruma ni nini. Ni ubavu wa chombo! Mwingereza yeye mbao zile anaziita "sleepers", walalaji. Neno hilo hilo "sleeper" analitumia kwa treni ya usiku yenye vitanda. Ukiambiwa utasafiri na "sleeper", usidhani utalazwa chini ya reli.

Niliwahi kumfuata huyo mpwa wangu mwenyewe. Nilikuwa Leeds, naelekea Norwich. Mama wa tiketi, mpole, akaniambia: "You have to change at Peterborough." Mimi mwalimu wa Kiingereza wa miaka thelathini! Nikapapasa mfukoni nikahesabu sarafu. Kichwani kwangu "change" ni chenji, na chenji ni hela. Nikawaza, huko Peterborough wanatoza nini? Nimekaa kwenye treni nimeshika sarafu ngumini mpaka zikapata joto. Kumbe "change" ni kubadili treni. Shuka hii, panda ile.

Humo ndani spika ikasema treni hii "is calling at Wakefield, Doncaster, Grantham", na nikaona vijana wawili wanatazama simu zao. Nikadhani inapigwa simu. "Calling at" ni kusimama kwa muda, kupitia mahali. Na meli je? Meli inayotia nanga bandari ndogo njiani kabla ya safari kuendelea, hiyo nayo ni "calling". Bahari tena. Kuna na neno "coach", ambalo nyumbani limetupa kocha wa mpira; kochi la sebuleni ni la neno jingine, "couch". Kwenye tiketi ya treni "Coach B" ni behewa B. Kwenye kituo cha mabasi "coach" ni basi la safari ndefu. Tazama uko wapi kwanza, ndipo utafsiri.

Hapo nimefika kwenye jambo ambalo sipendi kulisema haraka.

Dada yangu yule yule, kwenye ukaguzi aliambiwa "take off your shoes". Alielewa, akavua viatu, akapita, akavaa. Saa moja baadaye amekaa kwenye kiti, mkanda umefungwa, sauti ikatangaza wako tayari kwa "take-off". Dada akavua viatu tena. Aliniambia baadaye: "Nilijua hawa watu wana adabu ya msikitini." Akaruka pekupeku mpaka Ulaya. "Take off" ya kwanza ni kuvua, ya pili ni ndege kuruka. Ni kichekesho, na hakimdhuru mtu.

Lakini neno hilo hilo limeua. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, kwa Wahispania, ukungu ulikuwa umetanda na ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia. Rubani mmoja akasema redioni, "we are now at take-off". Alimaanisha tunaruka. Mwongoza ndege akaelewa kwamba wako mahali pa kurukia, wanangoja. Mmoja Mholanzi, mwingine Mhispania, na Kiingereza kwa wote wawili ni lugha ya kuazima, kama mimi na wewe. Palikuwa na mambo mengine, ukungu, redio kuingiliana, haraka ya kuondoka. Watu 583 walikufa. Baada ya hapo taratibu za redio zilibadilishwa. "Take-off" haitamkwi ovyo, inatajwa pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au inapofutwa. Kabla ya hapo wanasema "departure". Na rubani akipewa agizo, analirudia neno kwa neno, ili aliyemwagiza asikie kwamba ameeleweka.

Mmesikia? Rubani, na mafunzo yake yote, anarudia. Sisi je? Sisi tukiulizwa swali tusilolielewa tunajibu nini? "Yes." Tunaitikia kwa adabu. Mtu mzima anakusemesha, utamwacha hewani? Adabu hii ni nzuri msibani na harusini. Mlangoni kwa afisa ni hatari. "Are you carrying anything for someone else?" "Yes." Umejimaliza. Umesema umebeba mzigo wa watu!

Nawapa sentensi moja ya kusema, na hiyo nataka muijue kuliko jina la mkwe: "Could you repeat that, please?" Naomba urudie. Isemeni. Tena. Wazee wa mbele, siwasikii. "Could you repeat that, please?" Nyuma? Vizuri.

La saa nitalisema kwa aibu, kwa sababu lilinikuta mimi, na hela yangu haikurudi. Tiketi yangu iliandikwa tarehe 12, saa 01:40. Mimi tarehe 12 nikala mchana, nikaaga watu, nikaswaliwa safari, nikafika uwanjani saa tatu usiku, mapema kabisa, najisifu. Binti wa kaunta akatazama karatasi, akatazama sura yangu. "Sir, your flight left this morning." Hiyo "this morning" niliielewa vizuri sana, sikuomba irudiwe.

Ndege ilikuwa imeruka usiku wa kuamkia tarehe 12. Saa saba na dakika arobaini za usiku, na Mwingereza giza lile analiita asubuhi. Kinachoniuma ni kwamba bibi yangu, asiyejua a wala be, asingekosea. Kwa watu wa zamani wa pwani hii siku inaanza magharibi, jua likizama. Usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Ungemwambia bibi tarehe 12 usiku, angekuwa begi mkononi tangu jioni ya tarehe 11. Mimi msomi ndiye niliyeachwa.

Basi tiketi yoyote inayoanza na 00, 01, 02 mpaka 05, kando yake andika kwa mkono wako "usiku wa kuamkia". Saa za mchana toa sita, 08:00 ni saa mbili asubuhi, 14:00 ni saa nane mchana, mnajua. Halafu tofautisheni "boarding time" na "departure time". Ya kwanza ni saa ya kuingia, ya pili ni saa chombo kinapoondoka, na "gate" hufungwa kabla chombo hakijaondoka. Ukiona ubaoni "delayed", kaa unywe chai, imechelewa. Ukiona "cancelled", inuka ukapange foleni kabla ya wenzako, imefutwa.

Mwenyekiti ananionesha saa. Namaliza.

Simalizi kwa maneno. Benchi za mbele, geukeni mtazamane na wa nyuma. Wa mbele ni maofisa, wa nyuma ni abiria. Maofisa msicheke, ofisa hacheki. Wewe mama mwenye mtandio wa kijani, umetoka na kikapu? Hicho ndicho begi, njoo nacho hapa. Wewe kijana wa shati jeupe, simama nyuma ya meza, mwulize, tena kwa haraka, kama wao.

Kijana akamwuliza: "Did you pack this bag yourself?"

Ukumbi ukanyamaza. Mama akaweka kikapu chini, akajifunga mtandio vizuri, akamtazama kijana usoni.

"Could you repeat that, please?"